Papa Aloys na Damu Iliyosubiri Salamu

Papa Aloys Mushagalusa anastaafu tarehe 30 Juni 2002, baada ya miaka thelathini na mmoja katika labo ya vipimo ya hospitali yetu hapa Nyalukemba. Siku ya uhuru wa nchi yetu kabisa! Wanaotutawala kwa sasa kwa mtutu wa bunduki hawakuona cha kuchekesha. Sherehe tunaifanya Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ni fainali ya Kombe la Dunia, na upendo wetu kwake una mipaka.

Alitoka Luhwindja akiwa kijana mwembamba mwenye diploma mpya. Wenzake wote walikuwa wanachimba dhahabu. Yeye akachagua kuchungulia makohozi ya watu kwa darubini. Akili hizo! Mwaka 1996 wakombozi wa kwanza, na bunduki zao, walibeba friji yetu. Mwaka 1998 wakombozi wa pili wakabeba jenereta, bila shaka kwa utafiti wao wenyewe. Papa Aloys akabaki na mashine ya kuzungusha damu kwa mkono ili maji yake yajitenge na chembe, barafu ya kuomba kwa masista, na mdomo.

Huo mdomo! Kwake salamu ni kazi kamili. Anauliza habari za mama, za watoto, za mbuzi, za mvua ya Kalehe, kisha anarudi kwa mama, kama vile hali yake imebadilika tangu alipoulizwa. Mimi Olive, sekretari wa labo, nimezeeka nikimngoja amalize.

Mwaka 2000 Dokta Marcellin, mkuu wetu, alipata marafiki Ubelgiji na utafiti mkubwa. Walitaka kujua kama wagonjwa wa soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba kwenye ngozi, wana homosisteini nyingi katika damu. Kitu hicho kikizidi, madaktari wa moyo na mishipa wanaanza kukunja uso. Tena walitaka kujua kama badiliko fulani la jeni, la kurithi, ndilo linalokipandisha. Kazi ya Papa Aloys ilikuwa kutoa damu, kuiweka kwenye barafu na kuizungusha mara moja. "Mara moja" aliisikia vizuri, akaielewa kwa namna yake.

Sisi wafanyakazi, tuliopimwa kama watu wenye afya wa kulinganishwa na wagonjwa, hakuwa na habari ya kutuuliza, maana anatuona kila siku. Damu yetu ilizungushwa papo hapo. Lakini wagonjwa! Mjini hapa wanakimbiwa kana kwamba wana ukoma, hakuna anayewapa mkono. Papa Aloys aliwashika mikono yote miwili, akaketi nao mpaka mchana, na damu yao ikamngoja mfukoni mwa koti lake jeupe, penye joto zuri. Damu ikikaa hivyo, chembe zake zinaendelea kuachia homosisteini. Barafu iliyeyuka peke yake, kwa adabu.

Majibu yakarudi: wagonjwa wote juu, wenye badiliko la jeni na wasio nalo! Dokta Marcellin akaalikwa kwenye kongamano Brussels, akashonesha suti, na kwa unyenyekevu wake wa kawaida akatangaza ugunduzi kwenye ukumbi wa parokia. Mstari wa mbele alikaa Maman Eulalie, shangazi yake Destin. Destin alikuwa amemposa Colombe, mshonaji wa mtaa wetu, yatima wa baba tangu vita vya 1996, na mmoja wa wagonjwa wetu. Kabla jua halijatua, ukoo mzima ulijua kwamba damu ya Colombe ilioza tangu tumboni mwa mama yake. Posa ikasimama.

Colombe alikuja labo akilia, akauliza kama mtu anaweza kubadilishiwa damu. Papa Aloys akamtoa nyingine, ipimwe upya. Ndipo risasi zikaanza kulia barabarani. Siku hiyo hakuna mbuzi aliyeulizwa habari zake: barafu, mashine, sisi wote chini ya meza, na yeye anazungusha akiwa amepiga magoti. Majibu ya damu hiyo yalirudi ya kawaida kabisa, kama yangu. Huo ndio mchango pekee wa vita hivi kwa sayansi, na tunawashukuru wapiganaji.

Papa Aloys alielewa kosa lilikuwa wapi, na lilimuumiza. Angeweza kunyamaza, kipaji ambacho hatujawahi kukiona kwake. Dokta angesafiri, na Colombe angezeekea kwa mama yake. Jumapili, wakati wa matangazo baada ya komunyo, akasimama mbele ya parokia nzima: "Damu ya huyu mutoto iko muzuri. Ni miye niliiharibu, juu ya kusema mingi. Musimusingizie."

Dokta alikuwa safu ya tatu, ndani ya suti. Hakusafiri. Utafiti ukarudiwa, safari hii kwenye barafu: wachache juu, wengi kawaida. Lile badiliko la jeni likapatikana pia kwa bwana mmoja mwenye afya tele, anayeongoza labo yetu. Anaendelea vizuri, asanteni kwa kuuliza.

Ukoo wa Destin ukarudi mbio. Colombe akawajibu kwamba majibu ya labo hayamtoshi. Maman Eulalie aje mwenyewe, amshike mkono. Alikuja. Aliushika ule mkono wenye mabaka, hakuuachia upesi, wakanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa kikombe kimoja, akalia kuliko Colombe. Nilikuwepo. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia.

Papa Aloys, asante. Labo itakuwa kimya, kazi itakwenda haraka, na tutaichukia. Sisi wenzako tunakuombea uzee mtamu, usingizi usio na risasi, na majirani wenye masikio ya chuma. Ila Jumamosi tarehe 6 Julai usichelewe njiani kusalimia watu. Colombe hana baba wa kumsindikiza altareni kwa Destin, na kila mjomba tuliyemtajia, yeye amemkataa. Amesema ni wewe.