Salvina, Mwanamke Aliyeomba Moto

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni huko mliko. Leo sianzi na muziki. Aliye jikoni na asogee karibu na redio, maana habari yenyewe ni ya jikoni.

Jumamosi iliyopita, kule Ushirombo, tulimzika Mama Salvina Luhende, Mama Anisia. Wengi wenu hamumjui, na si kosa lenu. Mama Anisia alikuwa mtafiti. Alisomea mila na desturi za watu, ile elimu ambayo wasomi wanaiita anthropolojia. Narudia: alikuwa mtafiti. Hakuwa mkalimani, wala hakuwa mpishi wa msafara. Mtaona kwa nini narudia.

Mwaka 1975 alipelekwa kijiji kimoja nje ya Tinde pamoja na profesa mmoja kutoka ng'ambo. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini juzijuzi tu. Jirani hamjui jirani. Ng'ombe wanakufa, watoto wanaugua, na kila msiba unatafutiwa mwenyewe. Tayari bibi mmoja wa kijiji hicho hicho alikuwa amekatwa mapanga. Alikuwa na macho mekundu, basi wakasema ni mchawi. Jamani! Nani asiyekuwa na macho mekundu huku kwetu, tunakopikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe?

Profesa alikaa zizini na wanaume, akiwauliza uchawi ni nini. Wakampa maneno makubwa makubwa, naye akaandika. Salvina akaenda majikoni. Alipepeta mtama na akina mama, akachambua mlenda, akasikiliza. Siku moja akauliza swali dogo tu: yule bibi aliyeuawa, mara ya mwisho mlikwenda lini kuomba moto kwake?

Mama mmoja aitwaye Sikujua akainamia ungo wake. "Moto wake tuliuacha tangu mavuno," akasema.

Wasikilizaji wapendwa, nyote mnajua kuomba moto. Asubuhi unachukua kigae cha chungu, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa, unarudi kuwasha kwako. Salvina aligundua kwamba kabla ya mtu kuuawa, kabla hata ya jina lake kutajwa, wanawake huacha kuomba moto kwake. Hakuna kikao. Hakuna anayetoa amri. Kila mmoja anaacha kivyake, na siku wanaume wanaponoa mapanga, hukumu imeshatoka zamani. Ugunduzi huo ni wake. Narudia, ni wake.

Alimweleza profesa. Profesa akacheka, akasema hayo ni mambo ya jikoni.

Basi Salvina akaanza kuangalia nani haombwi moto pale kijijini. Akamwona. Bibi Ng'wana Masunga, mjane, nyumba ya mwisho kabisa. Kizingiti chake kilikuwa safi, hakuna hata nyayo.

Kesho yake akashika kigae. Akapita katikati ya kijiji, watu wanamtazama.

"Ng'wangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Naomba moto."

Yule bibi akamkodolea macho. "Unaomba kwangu? Hukuambiwa?"

"Nimeambiwa, mayu. Uji wangu haujaambiwa."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akampa kaa. Salvina akarudi njia ile ile, akawasha, akapika uji, akaunywa uani hadharani. Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Watu wakasubiri avimbe tumbo. Hakuvimba. Siku moja Sikujua akatokea nyuma yake na kigae mkononi. Kisha wakaja wengine. Ng'wana Masunga alikuja kufa kwa uzee, kitandani mwake, wajukuu wakimzunguka. Nasema kwa uzee.

Kisha kitabu kikatoka. Kitabu cha profesa. Sura ya nne nzima inahusu moto: kigae, kizingiti, na ule ukimya wa wanawake. Mwenye kucheka ndiye aliyeandika! Katika shukrani alimtaja dereva kwa jina, na gari akalisifu. Salvina hayumo. Anisia, binti yake, aliniambia: "Mama alizisoma zile shukrani mara mbili. Akafunga kitabu, akasema twende tukale." Mimi, wasikilizaji, nisingeweza kula.

Utafiti ukaisha na kazi ikaisha. Akahamia kwenye machimbo fulani magharibi ya Geita, jina lake nitaliacha, akawa anawapikia wachimbaji. Wakimwita Mama, wanakula ubwabwa wake, wanakopa, maisha yanakwenda. Moshi ukafanya kazi yake. Macho yake yakawa mekundu.

Mwaka huu duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likaporomoka, likafukia vijana watatu. Baada ya hapo dhahabu ikakata. Maneno yakaanza: kuna mtu ameifunga kwa uchawi. Asubuhi moja Mama Anisia akasubiri wenye vigae waliozoea kuomba moto kwake. Hakuja mtu. Ya pili, hakuja mtu. Dukani viberiti viliuzwa mpaka vikaisha.

Anisia ni nesi Geita mjini. Alimfuata mama yake, akamkuta anachagua mchele. "Mama, twende. Twende leo hii."

"Nikikimbia, watasema ni kweli. Halafu watamgeukia yule bibi anayeuza ndizi. Nitakwenda ofisini kwanza, wenye serikali wajue."

Wakaenda pamoja. Akamweleza ofisa mmoja yote: dalili ni hii, ushahidi ni huu, na kitabu hiki hapa. Ofisa akakichukua, akapekua mbele na nyuma. Akatazama jalada. Akasoma shukrani.

"Mama, hiki ni cha profesa. Wewe humu uko wapi?"

Ofisa akamrudishia kitabu. Akamwambia aende nyumbani, aache kuwatia watu hofu kwa maneno ya vitabu vya wenyewe.

Njiani Anisia alilia. Mama yake akamshika mkono. "Usilie. Sura hii naijua, mwanangu. Niliiandika mimi." Akamlazimisha kurudi kazini, akamwambia aje Jumatano amchukue, atakuwa amefunga mizigo.

Jumanne nyumba iliungua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Narudia, wasikilizaji wapendwa: kwa nje.

Msibani alikuja jirani yake, binti mmoja aitwaye Bhoke, na mtoto mgongoni. Alisema mbele ya watu wote: "Nilishika kigae mpaka mlangoni kwangu. Mume wangu akaniambia, ukienda usirudi. Nikakiweka chini."

Kwa Anisia na ukoo wote wa Luhende, tunawapa pole nyingi. Mungu awatie nguvu, ampokee mama yetu. Kwenu mlio na kitabu kile, chukueni kalamu. Pale mwanzo wa sura ya nne andikeni: Salvina Luhende. Hamharibu kitabu, mnakitengeneza.

Na kesho asubuhi, kabla hujawasha jiko lako, tazama nyumba ya yule bibi jirani yako. Tazama kizingiti chake. Kama hakina nyayo, usingoje mwenzako aanze. Chukua kigae, pita katikati ya kijiji watu wakuone, ukaombe moto. Nenda hata kama kiberiti unacho.