Mama Wawili wa Tabitha Nchagwa (1980–2025)

Baba mchungaji, wazee wetu shikamooni, majirani wa Nyamwaga, wageni mliotoka Kemambo, Morotonga na mbali zaidi, kwa niaba ya familia nasimama mimi, Werema, kitinda mimba wa nyumba ya kwanza, niwasomee maisha ya dada yetu Tabitha. Niseme mapema kwamba historia hii ina ugomvi ndani yake. Baba yetu, mzee Nchagwa, aliyefariki mwaka 2006, aliacha wake wawili, na wote wapo hapa. Mama Boke, aliyemzaa marehemu, aliniagiza Jumapili nisome habari za nyumba yake peke yake, naye Mama Mokami, wa nyumba ya pili, akanijia Jumatatu akitaka jina lake lisomwe, na lililompata lisomwe, kwa sauti. Nimeyaandika yote, na kabla sijakaa nitaeleza kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1980 hapa Nyamwaga, mtoto wa kwanza wa mji huu, na miaka mitatu baadaye Mama Mokami alipoolewa, alikuta mtoto mwenye maneno mengi, anayehamia jiko lolote lenye moto, akambeba mgongoni kabla hajapata wa kwake. Mama Boke husema mtoto wake aliibwa kwa ndizi za kuchoma, Mama Mokami husema mtoto alikuja kwa miguu yake, na sisi tuliozaliwa baadaye tulikuta mashtaka hayo yanaendelea, tukaona wivu kwamba hakuna aliyetugombania sisi.

Alisoma shule ya msingi hapa Nyamwaga kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Musoma hadi mwaka 2001, kisha akaenda Dar es Salaam kwa shahada ya kwanza ya elimu ya jamii, akahitimu mwaka 2004, akarudi kwa shahada ya uzamili ya afya ya jamii mwaka 2011, na tarehe 24 Novemba 2022 akatunukiwa udaktari wa falsafa, siku ambayo mama zetu wawili walisafiri kwa basi moja wakiwa wameketi viti vya mbali.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na shemeji yetu Amos Masele, fundi mitambo aliyekuja Kemambo kutafuta dhahabu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Huruma, aliyezaliwa mwaka 2009, na Faustino, aliyezaliwa mwaka 2013. Shemeji hakuficha wivu wake juu ya kazi ya mkewe, alikuwa akituambia, "Wanawake wa Morotonga wanamwona zaidi yangu, na wala hawajatoa ng'ombe."

Kazi yenyewe aliianza mwaka 2012, katika vijiji vya Tarime na Serengeti, akitafuta kujua kwa nini mwanamke anayeambiwa kwamba uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi ni bure, na unaisha upesi, bado habanduki nyumbani. Waliomtangulia waliandika umbali, aibu, kukataa kwa waume, yote ya kweli, lakini yeye alikuwa amekulia kati ya majiko mawili, akauliza jambo lililowashangaza wenzake, kwamba katika mji wenye wake wawili au watatu, akienda mmoja, wengine hufanya nini. Akaona kwamba wakihimizwa wote kwa pamoja hubaki wote, bali akialikwa mmoja tu, wenzake hufika wenyewe, wamevaa vizuri kuliko aliyealikwa, wakiuliza huyo amepewa nini huko ndani. Mwenzake Simioni, mtaalamu wa takwimu, alitaka ripoti iseme ushawishi wa wanakaya, Tabitha akakataa, akaandika wivu, na Simioni alipolalamika kwamba wivu haupimiki, alimjibu, "Njoo kwetu Nyamwaga, utaupima kwa debe."

Tarehe 5 Machi 2013 alileta huduma hiyo katika zahanati ya hapa, akamwalika mama yake mzazi, akamwacha Mama Mokami makusudi. Mama Mokami alisimama katikati ya uwanja akasema, "Kwani kizazi cha huyu kimetengenezwa kwa dhahabu ya Nyamongo?" akapanda bodaboda, akafika wa kwanza, akamwambia muuguzi Generoza kwamba yeye ni mama wa mtafiti na hapangi foleni. Muuguzi alipompaka ile siki ya kupimia, alimwona na dalili za awali, akatibiwa siku ileile kwa baridi kali inayoua sehemu iliyoharibika, akapona, na ndiye huyu mnayemwona leo akiwa na afya yake. Mama Boke alikutwa mzima, asante Mungu, lakini Tabitha alipoanza kwenda jiko la pili kumjulia hali mgonjwa wake, mama yetu alisema maneno ambayo mji wote uliyasikia, "Mzima ndiye anayeachwa? Ningejua, ningeugua mimi."

Tangu hapo njia ya mwaliko wa mmoja ikatumika katika vijiji vingi vya wilaya zetu mbili, na akina mama waliojaa hapa leo, wengi wao wakija wawili wawili, watatu watatu, kila mmoja anadai kwamba dada alimpenda yeye kuliko mwenzake.

Marehemu alianza kuugua ini mwezi Septemba 2024, akatibiwa Tarime, kisha Mwanza, na mama zetu wote walimfuata. Mama Boke hakumruhusu mwenzake kumwogesha wala kumtandikia, hadi siku Tabitha alipoomba uji wa wimbi wa Mama Mokami. Mama Boke akatoka na hasira, akarudi na uji wake, na dada, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa anashindwa hata kumaliza maji, alikunywa kikombe hiki, akanywa na kile, akarudisha vyote vitupu. Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono mmoja umeshikwa na huyu, mwingine na yule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime na Mwanza, watafiti wenzake, hasa ndugu Simioni, muuguzi wetu dada Generoza, mchungaji na kwaya, na majirani mliochota maji, mkapika na kulala nasi nje kwenye baridi.

Sasa ile sababu. Leo asubuhi, viti vilipokuwa vinapangwa, Mama Mokami aliketi nyuma kabisa, kati ya majirani, akaanza kulia. Mama Boke akaniita, akaniambia, "Mlete akae hapa kwangu. Akilia kule nyuma, watu watadhani yeye ndiye aliyefiwa na mtoto zaidi yangu." Nilipewa agizo hilo tu, nami nimelihesabu kuwa ruhusa ya kuyasoma yote.

Mama Mokami, njoo mbele, mwenzako amekwisha kusogea.

Tabitha, mtoto wa Boke, mtoto wa Mokami, pumzika kwa amani, wote wawili wanakulilia.