Matundu ya Tangi Namba Mbili

Ndugu waombolezaji, milioni tisini kwa mwaka ndizo bosi wa bohari ya mafuta alizokuwa akizililia siku ile, kasimama mlangoni pa karakana, akimuuliza kaka yetu kama anataka kumfilisi, na kaka akamjibu bila kuinua kichwa kwamba mafuta yakifurika, hatafilisika bosi peke yake. Ugomvi huo nitaurudia.

Marehemu, mliyemwita Rula kwa kuwa hata mkate aliupima kwanza kwa jicho moja ndipo apitishe kisu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, ada ya kuendelea ikakosekana, akajifunza kuchomelea kwenye gereji ya mjomba, hadi tarehe 2 Juni 1981 alipoajiriwa bohari kama fundi wa matangi. Tarehe 21 Desemba 1985 alimwoa shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto wanne, wakajenga ng'ambo ya barabara, ambapo ukifungua dirisha la sebule unatazamana na tangi namba mbili.

Mwaka 2009 ilitoka kanuni kwamba tangi lililo karibu na makazi lisibebe zaidi ya lita milioni mbili, na lile lilibeba tatu. Bosi alitaka upigwe mstari mwekundu tu, watu waambiwe wasiuvuke, kaka akagoma, akasema mafuta hayajui kusoma, lipunguzwe tangi lenyewe, na hapo ndipo bosi alipozililia zile shilingi milioni tisini, faida ya lita zitakazopungua. Likamwagwa, likaoshwa, likapigwa hewa mpaka mkaguzi akaridhika, ndipo kaka akakata matundu ubavuni, pale kimo kipya kinapoishia, ili ziada itoke kwa bomba kwenda tangi la akiba. Kabla bomba halijafungwa walijaribu kwa maji, na bosi, kwa ubishi, akasimama chini ya tundu na suti yake, akisema hayafiki. Yalifika. Taulo alipewa na shemeji.

Tarehe 6 Mei 2014, mchana, vali ya kuingizia ilikwama wazi, mafuta yakapanda, yakafika matunduni, yakaishia tangi la akiba, wala halikumwagika tone. Bosi alivuka barabara kwa miguu, akamshika kaka mikono yote miwili, akaahidi mbele ya shemeji kwamba matundu yale hayatazibwa maadamu watu wanaishi hapa, na tangu hapo wakaitana ndugu, hadi kaka alipostaafu mwaka 2018.

Februari 2024 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, akatoka, akarudi, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alituaga akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi mliotuambia ukweli bila kutuzungusha, majirani mliopika na kubeba viti, wenzake mliokuja na ovaroli zenu moja kwa moja kutoka kazini, na wewe bosi, uliyelipia jeneza bila kuombwa, Mungu akuzidishie.

Kaka, weka chini vyuma, upumzike, kazi yako imesimama.

Ila bosi, tangu kanuni ilegezwe mwaka huu, kuna fundi ameonekana akilipimapima tangi namba mbili, na mimi sijui kuzunguka: jeneza ni hisani, tumeipokea kwa mikono miwili, lakini ile ilikuwa ahadi. Matundu yabaki wazi.