Mama Deodata na Kibao cha Ukongwe

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Deodata anastaafu kupika rubisi katika kilabu chetu cha Nyakisasa, baada ya miaka thelathini na minane. Kikundi cha kilabu kimeniomba mimi, Aristides, niandike wasifu wake, na wala sishangai. Kuanzia hapa mpaka Biharamulo hakuna anayeijua pombe ya ndizi kama mimi. Nikinusa upepo tu, nakwambia mtumbwi upi wa kuchachushia pombe umefunuliwa na ndizi zake zilikatwa shamba la nani.

Alianza mwaka 1987, bibi harusi wa juzi. Kukanyaga ndizi mtumbwini ilikuwa kazi ya wanaume, lakini siku waliyochelewa aliingia mwenyewe, akamaliza mikungu kumi na miwili, kisha akawapokea kwa kuwauliza kama wameamka salama. Mimi ningemaliza ishirini, ila siku hiyo nilikuwa naumwa kidole. Mtama wake wa kukaanga, ule wa kuchachushia rubisi, haujawahi kuungua, isipokuwa mara moja tu, aliponisikiliza nikisimulia.

Kitu kimoja kilimnyima raha: Keza. Kilabu cha Niragira kule Keza kilijiita kikongwe kuliko vyote, na Mama Deodata akaapa hastaafu mpaka kibao cha ukongwe cha wilaya kitundikwe Nyakisasa. Niragira naye alikuwa na lake. Mwaka ule wa kipindupindu, pombe ilipozuiwa, sisi tuliuza uji. Basi, kwake yeye, kilabu chetu kilikufa kikazaliwa upya. Kila wakikutana sokoni, Niragira alimsalimu: "Shikamoo, Mama Uji!"

Hapo nikaleta elimu. Niliishia darasa la sita, lakini simu yangu imesoma zaidi. Nikawaeleza kuwa hata Marekani viwanda vya bia vinagombania ukongwe hivyo hivyo. Huyu anahesabu tangu enzi za babu, yule anasema babu mwenyewe alihama. Na serikali yao ilipopiga marufuku pombe, wapo waliotengeneza aiskrimu mpaka marufuku ikaisha, na miaka hiyo wanaihesabu. Sasa kama aiskrimu inahesabiwa, uji una kosa gani? Niragira akakumbuka ana kuku wa kulisha.

Mwezi Mei afisa utamaduni akaja na pikipiki kuamua, akataka kila kilabu kilete shahidi hai aliyekunywa hapo zamani zaidi. Keza wakamleta Mzee Pancras, akataja 1970. Mama Deodata akanitazama, macho yamejaa maji. Nikasimama nikasema nilikunywa Nyakisasa mwaka 1969, nikiwa tumboni mwa mama yangu, ambaye kilabuni hakukosa hata Jumatatu. Afisa alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akaiokota, akaandika. Kibao kikatundikwa.

Mama Deodata, asante kwa kila kibuyu. Nenda kapumzike kwa binti yako Nyabusozi, ukae kivulini, upikiwe wewe sasa. Maisha yako yawe matamu kama mtumbwi wa siku ya kwanza, kabla haujachachuka.

Nawe Anneth, unayeshika nafasi yake, kuna neno ambalo yeye pekee alilijua. Kibuyu changu ni kile chenye kamba nyekundu, na humo usitie rubisi. Tia juisi ya ndizi, ile isiyochachuka. Rubisi inaniumiza tumbo. Tangu ile ya 1969 sijanywa tena.