Gitaa Lililomkataa Vipimo

Jambo la mwisho la kawaida kutokea kijiweni alasiri ile lilikuwa ugomvi wa gazeti. Wembe, kinyozi, alidai Waya amelikalia. Waya, fundi redio, akasema gazeti la jana halina mwenyewe. Bi Moto, mwenye birika la kahawa, akawaamuru wote wawili wanyanyuke apanguse benchi. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, limeegemea ukuta wa kinyozi, na ng'ambo ya barabara linatazamana na duka jipya la ala za muziki, lenye vioo kuanzia sakafuni hadi darini na magitaa ya umeme yaliyotundikwa kama suti zinazosubiri wenyewe. Walikuwa bado wamesimama, gazeti halijaonekana, mlango wa duka lile ulipofunguka na Vipimo akatoka. Alikuwa ameingia dakika nne tu zilizopita. Mikono ilimning'inia, mitupu, kama ya mtu aliyetua mzigo asikumbuke kautua wapi.

Vipimo alikuwa mpima ardhi, msomi wa chuo kikuu, mtu asiyesema “karibu na pale” ikiwa anaweza kusema mita ngapi. Mkewe alifariki miezi tisa iliyopita, na tangu hapo hakugusa gitaa. Kijiwe kilimsukuma wiki tatu nzima: nenda ukajaribu, mzee, kujaribu hakuna kesi. Leo alikwenda. Na sasa anarudi.

— Mbona mapema? aliuliza Wembe. Mimi kidevu kimoja tu nakinyoa dakika kumi.

— Zimetosha, alisema Vipimo, akakaa.

— Zimetosha nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wewe umezivua, umezikunja, umerudi nazo begani!

— Mwacheni apumue, alisema Bi Moto, akammiminia. Kunywa kwanza, shemeji.

Alimwita shemeji kwa sababu marehemu alikuwa dada yake wa hiari, wa kuchotana chumvi na kusukana nywele. Dada alikuwa ameondoka. Shemeji alibaki shemeji.

Waya akajisogeza. — Hebu tupe mambo yalivyokwenda. Ulimkuta nani?

Vipimo alitoa taarifa kwa mpangilio, kama aliyesimama mbele ya kamati. — Nilimkuta binti muuzaji. Nikamwambia nataka kujaribu lile la rangi ya asali. Akalitoa ukutani, akalichomeka kwenye amplifaya. Kisha akaniuliza: nikuwekee safi au chafu?

— Alikuuliza nini? Wembe alikuwa ameshasimama.

— Safi au chafu.

— Mtu mzima kama wewe! Shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola! Nipisheni nikamwone huyo binti.

— Wembe, keti, alisema Vipimo. Ni lugha ya kazi.

— Nikae vipi, na kichwa hicho nimekinyoa mimi Jumamosi? Akikuita mchafu kanitukana mimi!

— We mnyoa ndevu, alisema Waya, hiyo ni sauti, si mwili. Safi ni sauti ilivyo. Chafu ni ile inayokwaruza, kama redio yako.

— Redio yangu umeitengeneza wewe.

— Ndiyo maana naijua.

Wembe akakaa, lakini kwa shingo upande. — Na wewe mzee ulimjibu nini?

— Safi.

— Eh, hapo umejibu vizuri. Umejitetea.

Waya akaweka kikombe chini. Alipokuwa na nadharia hakupenda mikono yake iwe na shughuli nyingine. — Kosa nimeshaliona. Amplifaya za bei ile hazina vichipu humo ndani. Zina balbu za kioo, zinawaka kama taa. Lazima zipate moto kwanza. Mkiipigia ikiwa baridi, inawanunia. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki na balbu wapi na wapi?

— Mbichi, yaani baridi. Fikiria kidogo, ndugu yangu, haichomi.

— Mimi nasema tatizo ni mbao, alisema Wembe. Mti wa gitaa lile umekatwa nchi za barafu. Umefika huku, jua kali, jasho la watu, umeshtuka. Mti una kumbukumbu kuliko tembo.

— Gitaa la umeme halisikii joto.

— Lina shingo au halina?

— Lina shingo.

— Basi. Kitu chenye shingo kina akili. Lilimtazama mzee anavyoingia, likamkagua viatu, likasema moyoni, huyu kaja kuangalia tu. Likagoma. Kila ndege huruka kwa ubawa wake!

— Sasa limekuwa ndege?

— Limekuwa kila kitu, kwa bei ile.

Bi Moto alicheka, na Vipimo naye mdomo ukamchezacheza upande mmoja. Waya alipoona hivyo akazidisha, maana kumchekesha Vipimo ilikuwa kazi waliyojipa wote bila kuambizana.

— Sikilizeni niwaambie jambo la ndani. Amplifaya ya balbu humzoea mtu. Inashika mkono wake, inashika mpigo wake. Niliwahi kuletewa moja, mwenyewe alishafariki, nikaiwasha, bado ikawa inatoa ile sauti ya…

Akasita. Bi Moto alikuwa anamtazama. Waya akavigeukia viatu vyake, akavichunguza kama mtu atakayeulizwa habari zake.

— Endelea tu, alisema Vipimo kwa upole. Ikawaje?

— Ilikuwa fyuzi, mzee, alisema Waya. Fyuzi tu.

Gari likapita. Binti wa dukani alikuwa akilirudisha gitaa la rangi ya asali mahali pake, akilifuta kwa kitambaa. Vipimo alimtazama mpaka akamaliza.

— Gitaa halina kosa, alisema. Ni zuri kuliko yote niliyowahi kushika. Binti naye ana adabu. Lakini nimekwishaamua. Kesho asubuhi nitawapelekea hapo dukani langu la nyumbani, lile kavu, lisilo la umeme. Wampe mtu anayejifunza.

Kahawa ilikuwa inamiminika. Bi Moto akaikatiza hewani. — Lile la sebuleni?

— Ndilo.

— Shemeji. Lile la dada?

— Gitaa ni langu. Sauti ndiyo iliyokuwa yake.

Wembe akasogea karibu, Waya naye.

Wakawa wanangoja, na Vipimo akaona kwamba taarifa isiyo na sababu ni taarifa nusu. Akaweka kikombe pembeni yake, akakisogeza kidogo kiwe sambamba na ukingo wa ubao.

— Mke wangu aliimba chini, alisema. Sauti nzito, ya kifuani. Kwenye kwaya walikuwa wanampanga na wanaume. Mwaka wa pili wa ndoa nikalegeza nyuzi zote sita za gitaa, nusu-sauti nne, yaani hatua nne ndogo kushuka, ili nimfuate aliko. Sikuzikaza tena. Miaka ishirini na saba. Vidole vyangu vimekulia huko, nikasahau kwamba nimelegeza. Leo nimeshika hilo la dukani, limekazwa kama linavyotakiwa. Nikapiga wimbo wake. Ukapanda juu.

— Juu kiasi gani? aliuliza Waya, kwa sauti ndogo.

— Nimekwambia. Nusu-sauti nne.

Jambo moja hakuwaambia. Utangulizi wa wimbo ule una mizunguko miwili, kisha mkewe huingia. Dukani vidole vyake vilikwenda mzunguko wa kwanza, vikaenda wa pili, vikafika pale anapoingia. Vikapungua mwendo, kama ilivyokuwa desturi, kumpisha. Kisha akasikia kiyoyozi.

— Lakini mzee, hilo si la kukufanya ulitoe gitaa, alisema Waya. Nyuzi zinakazwa kwa vigingi tu. Unazungusha, unalegeza, linashuka. Hata mimi naweza kukushushia.

— Najua vinavyozungushwa. Nilegeze nimpigie nani?

Waya akakiinua tena kikombe chake.

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa mwanamke mwenye ovaroli ya fundi bomba, spana mfukoni, aliyefika muda mfupi uliopita kufuata redio yake na kuambiwa na Waya, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini redio bado. Alikuwa amekunywa kahawa yake kimya akiwasikiliza. Sasa akainama mbele ili amwone Vipimo vizuri.

— Samahani, mzee wangu. Mimi hunijui, na muziki siujui. Nauliza tu. Wewe mwenyewe sauti yako iko wapi? Juu au chini?

— Ya chini, alidakia Wembe. Aa. Hapana. Ya kati.

— Umeisikia lini?

— Si tunaongea naye kila siku!

— Ya kuongea siiulizii. Ya kuimba.

Wembe akamgeukia Waya. Waya akamgeukia Bi Moto.

— Mimi na wao tumepakana ukuta miaka kumi na tisa, alisema Bi Moto polepole. Dada nilikuwa namsikia. Gitaa nalisikia. Hata kijiko kikianguka jikoni kwao nakisikia. Wewe, shemeji… Akatikisa kichwa. Wewe sijawahi kukusikia.

Wote wakamtazama mwenyewe. Vipimo alikuwa amepima vilima, mito, viwanja vyenye kesi na mipaka ya mashamba ya ndugu wasiosemezana. Akafikiria kwa uaminifu, kama anavyofikiria kila swali. Alijitafuta bafuni, barabarani, kwenye mikesha, kwenye sherehe za watoto wa ndugu. Kila mahali alijikuta amekaa kidogo nyuma ya mkewe, ameinamia nyuzi, anamfuata.

— Sijui, alisema.

— Hata kwa kukisia? aliuliza Wembe.

— Mimi sikisii.

Bi Moto akainua birika ajaze vikombe, likatoa tone moja, na tone hilo likamwangukia Wembe kidoleni. Akalipindua kabisa ili waone. — Imekwisha. Nendeni makwenu. Na hilo gazeti nani ameondoka nalo?

Wakaondoka mmoja mmoja. Fundi bomba aliahidiwa redio yake kwa kiapo. Vipimo alikwenda wa mwisho, mikono nyuma, akitembea polepole kuliko kawaida yake.

Asubuhi yake, saa tatu, binti alipokuwa anasukuma milango ya kioo, Vipimo alipita mbele ya kijiwe bila kuketi. Wembe alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa. Akamwacha kitini, akatoka na mashine mkononi ikiwa inanguruma. Jambo la kwanza alilotazama ni mikono ya mzee. Haikubeba kitu.

— Hajalileta, alimwambia Bi Moto.

— Nina macho, alijibu Bi Moto. Zima hilo dude lako nisikie.

Dukani Vipimo aliomba lile la rangi ya asali. Alilipakata, akasubiri amplifaya ipate moto, maana Waya hukosea mengi lakini si yote. Vigingi hakuvigusa. Alimwomba binti mlango ubaki wazi, kwa kuwa, alisema, hakuwa na hakika ya atakachokifanya na hakutaka kujificha.

Akapiga mzunguko wa kwanza. Akapiga wa pili. Pale wimbo unapompisha mtu, akavuta pumzi, akaingia mwenyewe.

Sauti ilitoka kavu, chini kidogo ya ilipotakiwa. Mstari wa pili ikapata njia. Mstari wa tatu ikakatika katikati ya neno, na vidole vikasimama nayo. Binti akajifanya anapanga nyaya.

Vipimo alikohoa mara moja kusafisha koo. Kisha akanyoosha mkono kwenye amplifaya, akaongeza sauti kidogo, akaanza upya.