Dkt. Elieshi Gadiel Nanyaro na Mahali Maji Yanaposimama

Baba mchungaji, waombolezaji wote. Mimi ni Eliud, mdogo wake Gadiel aliyetangulia, kwa hiyo ni baba mdogo wa huyu tuliyemleta hapa leo. Familia ilitaka wasifu usomwe na msomi. Nikakataa. Msomi huyu tunayemzika nilimfundisha mimi niliyeishia darasa la saba, na nitathibitisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 Nkoaranga, binti wa kwanza wa Gadiel na mama Penina.

Alianza shule ya msingi hapa Akheri mwaka 1991. Mwaka 1995 maji ya mfereji yalipungua kwenye mashamba ya chini, kahawa ikaanza kunyauka. Tukaitana wanaume, na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, kwamba mfereji upanuliwe kuanzia juu mpaka chini. Elieshi aliokota ganda la ndizi, akalitupa majini kule juu, akashuka nalo pembeni akilitazama. Likakimbia vizuri tu, mpaka kwenye kalavati la barabara, likasimama. Ndani mlijaa mawe. Tuliyatoa asubuhi moja, maji yakashuka. Naomba ieleweke kwamba ndizi ile niliila mimi. Bila mimi hakuna ganda, na bila ganda hakuna udaktari.

Alisoma sekondari Moshi, kisha sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004 hadi 2007. Mwaka 2014 alipata shahada ya uzamivu Uswidi. Nilitangaza soko zima la Ngaramtoni kwamba mwanangu ni daktari. Aliporudi, mzee Sakaya akamletea mguu unaomuuma. Elieshi hakunitia aibu. Alimwandalia chai, akampeleka mwenyewe hospitali.

Tangu 2015 alifundisha na kufanya utafiti chuoni Tengeru. Kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini programu za kompyuta zinakwenda polepole. Alinieleza kwamba kompyuta inayochelewa mara nyingi haijachoka, imekaa tu inasubiri kitu mahali fulani. Kuna hospitali moja wagonjwa walikuwa wanakesha kwenye foleni ya malipo, na wakubwa walishaamua kununua mashine kubwa zaidi. Yeye akapima. Akakuta kila dirisha linasubiri printa ya dirisha jingine imalize risiti. Akarekebisha programu, foleni ikaisha, na mashine haikununuliwa. Wanafunzi wake wanalijua neno lake: "Hatubahatishi, tunapima."

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Hans Urio, kijana mpole ambaye nilimsumbua sana siku ya posa na hakuwahi kulipiza. Mungu akawapa Nancy.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akisubiri ndugu wa kumpa figo. Mama yake ana sukari. Mdogo wake Prosper alipimwa, hawakulingana. Nikabaki mimi. Nilijigamba kwamba mlima huu wote hauna figo kama yangu. Nikapaka nywele rangi nyeusi, nikajipunguzia miaka kumi, nikapanda basi la Dar alikokuwa akitibiwa. Daktari alinipima presha, akafunika karatasi zangu taratibu, akanirudishia.

Nilikaa kwenye benchi pale nje. Elieshi akaja akakaa karibu yangu. Akasema, "Baba mdogo, nywele ulipaka, presha ukasahau kuipaka." Nikacheka, halafu nikalia. Akanishika mkono. "Ulikuja," akasema. "Hilo nimelipima."

Figo haikupatikana. Yeye hakumsubirisha mtu. Mwanafunzi wake Naisiae alikuwa anamalizia tasnifu, na marehemu aliisoma amelala, mirija mkononi. Hans alipomwomba apumzike alijibu, "Naisiae asikwame kwa ajili yangu." Sura ya mwisho aliirudisha Jumatatu. Alhamisi, tarehe 15 Januari 2026, alfajiri, alitutoka akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mama yake Penina, mume wake Hans, binti yake Nancy, mdogo wake Prosper, wanafunzi wake, na mimi, na figo zangu zote mbili ambazo sijui nizifanyie nini.

Leo asubuhi majirani wenye zamu ya maji wametuachia mfereji wote, kama tunavyofanyiana kwenye msiba. Nilipanda mpaka kwenye lile kalavati nikatazama. Maji ya kukorogea saruji ya kaburi lake yalipita pale bila kusimama, yakashuka hadi hapa.

Elieshi, mwanangu, njia ni nyeupe. Usisubiri tena kitu chochote. Nenda, upumzike kwa amani.