Risala ya Wachongaji wa Mtoni: Siku Uwanja Ulipokutwa Mtupu

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji, Mheshimiwa Rukaiya Farhan. Wajumbe mliofuatana naye. Mwenyekiti wetu wa mtaa. Majirani na wachongaji wenzetu: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Karibu

Mgeni rasmi, safari hii karibu ukae. Mara ya kwanza ulipokuja tulikuwa na hofu, hata kiti hatukukupa. Hicho ulichokalia kimechongwa hapa hapa kwa gogo moja, hakina msumari. Ni chako, utaondoka nacho. Isionekane ni hongo: uamuzi wako umeshatoka, na hata ukikikataa kiti hautabadilika.

Tulikotoka

Sisi ni wachongaji. Wengi wetu wazee wetu walitoka kusini, Newala na Masasi, wakaja mjini na tezo na patasi. Wengine ni wenyeji wa pwani hii, baba zao walichonga milango. Uwanja huu ndio uliotukutanisha, na aliyeuanzisha ni marehemu Mzee Fransis. Alipofika hapa palikuwa na majani na maji yaliyotuama, hakuna aliyepataka. Tukachonga, maranda yakaanguka, tukakanyaga, tukachonga tena, mpaka pakakauka pakawa uwanja. Hati hatuna. Watu wote walitujua, nasi tukadhani kujulikana kunatosha.

Yaliyotukuta

Mgeni rasmi, tuna utaratibu tulioachiwa na waliotutangulia. Akifa mchongaji, uwanja unasafishwa wote. Turubai zinakunjwa, magogo yanaviringishwa hadi kwenye nyua za majirani, tunafagia, na tezo haisikiki mpaka matanga yaanuliwe. Sababu ni nyepesi. Gogo likibaki, atatokea mmoja mwenye njaa atalichonga, na mteja atakuja kupatana bei mbele ya wafiwa.

Mzee Fransis alipofariki tulifanya hivyo, tena kwa uangalifu zaidi, maana nyumba yake ni hiyo ya nyuma ya uwanja, yenye bati la kijani. Kisha tukaenda kumzika.

Tukiwa makaburini, wakaja wapimaji wa mwekezaji aliyeomba kujenga ghala na yadi ya malori. Walimkuta Mama Bernadeta, anayetupikia, amebaki kuandaa chakula cha msiba. Sasa sisi tumelilia mtaro wa maji ya mvua kwa miaka. Yeye alipoona watu wenye futi na vigingi, akajua mtaro umefika. Akawapa uji. Akawashikia ncha ya futi. Na kwenye ile kona walipotaka kuishia, akawaambia bado, uwanja unafika mpaka kwenye nguzo ya umeme. Wakamshukuru, wakapima mpaka kwenye nguzo.

Tuliporudi alitupa habari hiyo nasi tukafurahi, tukasema Mzee ameondoka na baraka. Baadaye ndipo ramani ikabandikwa ofisi ya mtaa ili wenye maoni watoe. Juu ya uwanja wetu pameandikwa: eneo wazi, halitumiki.

Salumu, jirani yangu wa kazi, alimwambia Mama Bernadeta kwamba futi aliishika vizuri sana, haikupinda hata kidogo. Mama akamjibu kwamba yeye Salumu angekuwepo angewabebea na vigingi. Tulicheka. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeanza gogo kubwa. Gogo kubwa ni kazi ya miezi, na nani aanze kazi asiyojua atamalizia wapi? Tulichonga miiko na vitana tu, vitu vya kuuza upesi na kuondoka.

Kwenye kikao chenu mwakilishi wa mwekezaji alionyesha picha. Uwanja mweupe, umefagiliwa, hakuna mtu. Picha zilikuwa za kweli. Sisi tulisema tulikuwa msibani, lakini hakuna aliyepiga picha ya kuthibitisha alikuwa msibani. Ukasema utakuja kuona mwenyewe.

Ulipokuja, magogo yalikuwa yamerudi. Yule bwana akasema tumeyaleta jana ili kuidanganya kamati. Ndipo kisigino cha kiatu chako kikazama. Ukakivua, ukachuchumaa, ukaingiza mkono ardhini mpaka kwenye kifundo. Yakatoka maranda. Ukachimba tena, yakatoka mengine ya zamani, meusi, yameshaanza kuwa udongo. Mchanga hukuufikia. Ukamnyooshea mkono ukamuuliza, "Na haya nayo waliyaleta jana?"

Salumu alikaa chini ghafla kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tulipofika

Kamati iliukataa mpango ule hapa ikamwelekeza mwekezaji kwingine, na uwanja huu ikauamulia kuwa eneo la kazi za mikono. Tangu hapo tunalala. Salumu ameanza gogo la mpingo lile pale, linamzidi kimo, na ukimuuliza lini litakwisha anasema hana haraka. Anna, mkwe wa Mzee Fransis, ameirudisha kazini tezo ya marehemu. Mama Bernadeta anapika na tunamsifu, japo bado anatununia kidogo.

Yanayotusumbua

Mpingo umepanda bei, hilo tunalijua wenyewe na tutapambana nalo. Masika maji bado yanajaa. Mama Bernadeta ameapa hatashika futi ya mtu yeyote tena, kwa hiyo wapimaji wa mtaro waje na mtu wao.

Vigingi vya zege vya mwekezaji bado vimo ardhini. Hatujagusa hata kimoja, isije ikasemwa tumeharibu mali ya mtu. Kimoja kiko pale Salumu anapokaa, anawekea kikombe cha chai. Na ramani ile bado imebandikwa ofisi ya mtaa, na maneno ni yale yale. Uamuzi wenu tumeusikia kwa masikio, lakini anayepita anasoma ukutani.

Tunayoomba

Mgeni rasmi, leo kabla hujaondoka, amuru vigingi ving'olewe. Sululu tunazo.

Ramani ibadilishwe wewe ukiwa bado kwenye kiti hicho. Hatukuombei mabaya, ila viongozi hubadilishwa, na atakayekuja baada yako huenda atavaa viatu visivyozama.

Mtaro tunaomba, kama tulivyoomba siku zote.

La mwisho ndilo kubwa. Wapo wenzetu waliosema utaratibu wa kusafisha uwanja tuuache, akifa mtu magogo yabaki yatulindie. Tulikaa tukalizungumza, tukakataa. Hatuwezi kumzika mwenzetu huku tunalinda eneo. Kwa hiyo tunaiomba kamati yako iliweke hili kwenye kumbukumbu zake. Iko siku mtapita hapa mkute pamefagiliwa, hakuna turubai, hakuna gogo, hakuna sauti ya tezo. Siku hiyo msipime. Zungukeni nyuma, nyumba ya msiba mtaiona, ingieni mtupe pole. Uji utakuwepo.

Mungu akupe afya, mgeni rasmi, awape na wajumbe wako subira ya kuchimba kabla ya kuandika, na amlaze pema Mzee Fransis.

Ni sisi, Wachongaji wa Uwanja wa Magogo, Mtoni.
Imesomwa kwa niaba yao na Apolinari Jonas.